Kichwa cha treni kinakimbia mezani bila kwenda popote, na kuna mlio unaninyima usingizi (Tabora)

Mtoto wa Cheyo (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko Tabora, Cheyo, kwenye nyumba ambayo treni ikipita usiku vikombe vinagongana kabatini. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli na ugonjwa wake nimeurithi mimi. Mwezi wa tatu kaka yangu anayeishi Ujerumani alikuja likizo akaniletea kichwa cha treni cha mfano. Dizeli nyekundu, ekseli nne, kipimo cha HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Ni kifupi kidogo kuliko rimoti ya TV. Mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, maana uzi ni mrefu.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Nikaitafsiri kwa simu: kabla hujakitumia, kikimbize mwendo wa wastani nusu saa mbele na nusu saa nyuma, bila mabehewa. Ni raningi ileile ya injini ya gari iliyotoka ovaholi. Kaboni za mota zinatakiwa zijichonge zikae sawa kwenye komyuteta (ile shaba ya mota inayozunguka na kupokea umeme wa kaboni), gia zimalize ukwaruzo wa kiwandani, grisi isambae.

Shida ni mahali. Duara dogo la kawaida la reli za HO linakula meza ya karibu sentimita 80 kwa 80. Nyumbani meza ya ukubwa huo ni moja tu, ya mama watoto, anayowekea vitu vyake vya kusukia wateja. Nilijaribu kuiomba. Tuishie hapo.

Ndipo nikakutana na habari za stendi za rola. Badala ya reli, kila gurudumu linakaa kwenye bonde kati ya rola mbili ndogo. Umeme unapita kwenye rola, unaingia kwenye magurudumu, mota inazunguka, magurudumu yanazungusha rola, na kichwa kinabaki palepale kama mtu anayekimbia kwenye ile mashine ya jimu. Wenzetu wananunua zilizo tayari. Kuna Bachrus wa Marekani wenye vitandiko vya kupachika juu ya reli, kuna KPF Zeller wa Ujerumani wenye za chuma za kupendeza hadi unaona aibu kuzigusa. Mimi bajeti yangu ni ya Cheyo, nikajenga.

Vifaa: kipande cha mninga kutoka kwa seremala, makapi tu, alinipa bure. Vipande viwili vya aluminiamu ya fremu za madirisha. Beringi 16 namba 623, zile za tundu la milimita 3 na kipenyo cha nje milimita 10, kila moja 1,500. Boliti za milimita 3. Adapta ya king'amuzi kilichokufa, volti 12, na kisaketi cha kupunguzia mwendo wa mota.

Sasa kinachonileta. Stendi inafanya kazi. Ila baada ya kama dakika 15 kichwa kimeanza kutoa mlio: tik, tik, tik, tik. Nikiongeza mwendo tiki zinakuwa za haraka, nikipunguza zinapungua. Na mshale wa ampea unacheza nao. Nimezima. Naogopa kuua zawadi ya watu. Wataalam nisaidieni.

Asali Mbichi

Uzi bila picha ni sawa na ugali bila mboga mkuu.

Mtoto wa Cheyo

Zipo hapo juu tatu. Hiyo ya mwisho ndiyo beringi kwa karibu, msinilaumu kwa kulehemu kwangu.

Ngoja Waje

Nimeweka kambi hapa. Sijaelewa chochote lakini naburudika.

Mgebuka wa Ujiji

Kigoma hapa. Mkuu, samahani, nitakuwa mtu mbaya kidogo. Hiyo stendi nzuri kwa picha, ila inadanganya. Kichwa hakivuti kitu. Hakipindi kona, bogi (zile fremu za chini zinazobeba magurudumu) hazigeuki, hakuna behewa nyuma. Unasema kimelainika kumbe kimelainika kwa kukimbia hewani. Ni kama kumfanyia bodaboda majaribio akiwa amesimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma linazunguka, halafu unasema pikipiki ina nguvu, inapanda mlima wa Kasulu.

Mtoto wa Cheyo

Mkuu sijasema inapima nguvu. Raningi yenyewe karatasi imesema bila mabehewa.

Mzee wa Loko

Wanangu marahaba.

Mimi niliingia loko shedi (karakana ya vichwa vya treni) ya Tabora mwaka 1975, East African Railways, kazi yangu ilikuwa kufuta na kupaka mafuta. Miaka miwili baadaye jumuiya ikavunjika, nikabaki kwenye shirika letu mpaka nilipostaafu. Vichwa vya mvuke vya daraja la 31 nimevipaka mafuta kwa mkono huu. Kwa hiyo nyie endeleeni na vya mezani ila mnipe nafasi kidogo.

Huyu wa Kigoma anasema stendi ya rola ni udanganyifu. Ajue kwamba vichwa vikubwa, vya tani nyingi, navyo vilipimwa hivyohivyo. Chuo cha Purdue kule Marekani kiliweka kichwa kizima cha mvuke juu ya rola mwaka 1891. Waingereza wa Swindon wakajenga yao mwaka 1904. Wafaransa walikuwa nayo Vitry, na mwaka 1934 Waingereza walipeleka huko kichwa chao kipya kukipima kwa sababu wao hawakuwa na stendi ya kukitosha. Yao ya mjini Rugby ilikuja kufunguliwa 1948. Kichwa kinapandishwa, kila gurudumu la kusukuma linakaa juu ya rola yake, moto unawashwa, kinakimbia mwendo wa treni ya haraka huku dereva anaona ukuta uleule mbele yake.

Tofauti ni mbili. Ya kwanza, rola zile zilikuwa na breki. Kichwa kilifanya kazi kweli. Ya pili, nyuma kilifungwa kwenye kapla (ile ndoano ya kuungia mabehewa) na chombo cha kupima mvuto, kwa hiyo kila kilichovuta kiliandikwa. Yako haina breki wala kipimo, hapo wa Kigoma ana haki nusu. Lakini faida kubwa ya stendi tulikuwa tunaijua hata sisi tusio na stendi: chombo kikikaa mahali pamoja unaweza kukisikiliza. Kichwa kikipita mbele yako unasikia kelele. Kikisimama na kinazunguka unasikia ugonjwa.

Sasa nijibu. Kichwa chako umekifunga nyuma? Kwa nini sioni kitu kwenye kapla?

Mtoto wa Cheyo

Shikamoo mzee wangu. Sijakifunga. Huwa kinatembea kidogo, kinasogea mbele mpaka nakirudisha kwa kidole.

Mzee wa Loko

Marahaba. Kifunge. Uzi wa cherehani unatosha, mbele na nyuma. Kichwa kikitambaa maana yake ekseli haziko katikati ya mabonde ya rola. Gurudumu likikaa upande, linaegemea rola moja zaidi ya mwenzake, linajaribu kupanda. Siku litapanda kweli, na meza yako ina kimo gani?

Mtoto wa Cheyo

Kimo cha kuvunja.

Spana Kumi

Mimi fundi wa fotokopi, Isevya. Mkuu umelipa 1,500 kwa beringi moja? Mashine za fotokopi zilizokufa zina beringi ndogo za kumwaga, ungekuja tu. Anyway. Hebu tuambie umezipanga vipi, vipimo. Mlio mwingi wa hizi kazi unatoka kwenye stendi siyo kwenye kichwa.

Mtoto wa Cheyo

Asante mkuu, ngoja nieleze na makosa yangu maana yatawasaidia wengine.

Nilipima kwa kaliper. Kipenyo cha gurudumu milimita 11. Ekseli mbili za bogi moja zimeachana milimita 25. Mwanzoni niliagiza beringi 623 kwenye duka moja la Dar wakaniletea 624, ambazo kipenyo ni milimita 13. Nikasema potelea mbali, nitazitumia. Haziingii! Kila gurudumu linataka beringi mbili, 13 na 13 ni 26, na ekseli ya jirani iko 25. Beringi za ekseli ya kwanza zinagongana na za ekseli ya pili. Nikabishana nao wiki mbili kwenye simu, mwisho nikanunua 623 kwa mtu mwingine. Hizi nimezipanga vitovu vyake vimeachana milimita 11, jozi nzima inakula 21, inabaki nafasi ya milimita 4 kati ya jozi na jozi.

Nyuso za ndani za beringi, kushoto na kulia, zimeachana milimita 16.5 kama reli zenyewe. Ile kingo ya gurudumu inashuka kwa ndani bila kugusa beringi, gurudumu linakaa kwa uso wake wa kukanyagia tu.

Kosa la pili lilikuwa la kijinga zaidi. Nilitumia boliti ndefu zinazovuka kutoka upande mmoja mpaka mwingine, zishike beringi za pande zote mbili. Ilipendeza mno. Nikaweka umeme, adapta ikalia ndiii ikanyamaza. Kushoto ni chanya, kulia ni hasi, na mimi nimeviunganisha kwa vyuma vinane! Sasa kila upande una kipande chake cha aluminiamu na boliti fupi zake, na mninga uko katikati unatenganisha.

Asali Mbichi

Vyuma vinane 😂😂 adapta ikaone wapi

Spana Kumi

Umepona mkuu, wengine huwa wanaunguza kisaketi. Nikupe dawa ya shoti, ya kienyeji. Kwenye waya mmoja wa stendi funga balbu ya indiketa ya bodaboda, volti 12 wati 10, ipangwe mfululizo na kichwa. Kichwa kikienda vizuri balbu inakuwa imezimika au inawaka hafifu sana. Ikitokea shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na mkondo hauzidi ampea moja. Adapta inabaki salama na wewe unapata taa ya kukujulisha.

Swali lingine. Beringi zako zina vifuniko vya raba?

Mtoto wa Cheyo

Zina. Na grisi ndani.

Spana Kumi

Basi umeme wako unapita kwenye grisi. Umeme unaingia kwa boliti, ringi ya ndani, unaruka kwenye vigololi, ringi ya nje, ndipo gurudumu. Grisi haipitishi. Kuna nyakati vigololi vinagusa chuma, nyakati havigusi. Kichwa kitakuwa kinashtukashtuka, na vicheche vidogo vinatoboatoboa njia ya vigololi. Ng'oa vifuniko kwa ncha ya sindano, osha beringi kwa petroli nje ya nyumba, mbali na jiko, ziache zikauke kabisa kabla ya kuweka umeme wowote. Halafu tone moja la mafuta mepesi.

Ukitaka kulala usingizi, kata kijiti cha shaba laini, vile vibati vya ndani ya swichi ya ukutani, kiguse ringi ya nje ya beringi kutoka chini. Umeme upite huko usiende kwenye vigololi kabisa.

Kaliua Jankisheni

Nakazia. Na wale wa mfumo wa dijitali wa DCC ndio wanaumia zaidi. Mguso ukikatika hata kidogo, kile kichipu ndani ya kichwa kinajizima na kuanza upya, unaona treni inasimama na kuondoka kama ina pepo.

Mtoto wa Cheyo

Nimefanya yote kati ya jana na leo. Beringi zimeoshwa, vibati vya shaba vimewekwa, balbu ipo, kichwa kimefungwa kwa uzi mweusi mbele na nyuma. Kushtuka kumeisha kabisa, kinaenda kama maji. Kutambaa kumeisha.

Tik tik iko palepale.

Ngoja Waje

Nilijua tu. Naongeza chai.

Mzee wa Loko

Vizuri. Sasa tunaacha kubahatisha. Kwanza tujue mgonjwa ni nani. Toa kichwa, kigeuze, mbele iwe nyuma, kirudishe. Mlio ukibaki upande uleule wa meza, ni rola. Ukihama na kichwa, ni kichwa.

Mtoto wa Cheyo

Umehama na kichwa mzee. Uko kwenye bogi ya nyuma.

Mgebuka wa Ujiji

Gia imepasuka. Poleni sana. Zile gia za plastiki zinapigiliwa kwenye ekseli ya chuma, plastiki ikizeeka inapasuka ufa, pengo kati ya jino na jino linakuwa pana mahali pamoja. Kila ekseli ikizunguka mara moja, tik. Ugonjwa unajulikana dunia nzima.

Mzee wa Loko

Inawezekana. Lakini ahesabu kwanza. Mtoto wa Cheyo, weka alama ya kalamu nyeupe kwenye gurudumu moja la bogi hiyo. Hesabu gurudumu linazunguka mara ngapi kwa sekunde 10. Kisha hesabu tiki kwa sekunde 10. Tiki zikiwa nyingi mara kumi na zaidi kuliko mizunguko, ugonjwa uko kwenye mota, maana mota inazunguka mara kumi na kitu gurudumu likizunguka mara moja. Zikilingana, ugonjwa uko kwenye ekseli au kitu kinachozunguka pamoja nayo.

Mtoto wa Cheyo

Nimerekodi video ya mwendo wa polepole kwa simu. Kwa sekunde 10 gurudumu limezunguka mara 37. Tiki nimezihesabu kwenye programu ya sauti, zile zinazoonekana kama vilima: 37.

Kaliua Jankisheni

Samahani kuingilia, mimi huwa siwezi kuona namba nikaziacha. Gurudumu la milimita 11 likizunguka mara moja linakwenda karibu milimita 34.6. Mara 37 ni mita 1.28 kwa sekunde 10. Zidisha kwa 87, unapata mita 11 na kitu kwa sekunde, yaani karibu kilomita 40 kwa saa. Huo ndio mwendo wa wastani hasa, raningi safi. Nusu saa kwa mwendo huo kichwa chako kimekwenda mita 230, na kama ni treni kubwa ingekuwa kilomita 20.

Na kwa faida ya wenyeji: reli ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma ni kilomita 1,252. Ukiipunguza mara 87 ni kilomita 14.4. Ukiacha kichwa kwenye stendi kwa mwendo huo, kitafika Kigoma baada ya saa 31 bila kutoka Cheyo.

Asali Mbichi

Na bila kulipa nauli. Hii nimeipenda.

Mgebuka wa Ujiji

37 kwa 37. Si nimesema? Gia.

Bibi Posta

Nina swali la pembeni wakuu. Hicho kichwa ni cha reli ya Ulaya. Je kuna vya mfano vya reli yetu ya mita?

Kaliua Jankisheni

HO imepigwa kwa reli ya milimita 1435, ndiyo maana upana wake ni 16.5, gawa kwa 87 uone. Hiyo ni sawa na SGR. Yetu ya zamani ni milimita 1000. Kwa kipimo cha 87 kuna reli za milimita 12, zinaitwa HOm. Lakini iliyo tamu ni zile kubwa za bustanini za milimita 45, LGB walianza kuziuza 1968. Kwa kipimo chao cha 22.5, zidisha 45 kwa 22.5 unapata 1012. Hiyo ni reli ya mita kabisa, ni sisi hao. Ila zinataka volti 18 na zaidi, na stendi ya rola yake utatumia beringi za magurudumu ya sketi.

Bibi Posta

Nashukuru. Nina uwanja, nina miembe miwili, nitarudi.

Mzee wa Loko

Turudi kwa mgonjwa. Wa Kigoma ana uhakika wa gia. Mimi nina uhakika wa kitu kimoja tu, kwamba ni kitu kinachozunguka na ekseli. Kichwa hiki ni kipya. Gia ya plastiki huwa inapasuka ikizeeka, hiki kina miezi mingapi? Na mlio haukuwepo dakika ya kwanza, ulikuja dakika ya 15. Kilichotokea ni nini katika hizo dakika 15? Usifungue gia bado. Zima, geuza kichwa tumbo juu kwenye taulo, chukua kioo cha kukuzia, angalia ekseli moja moja. Zungusha polepole kwa kidole.

Na mafuta umetumia gani?

Mtoto wa Cheyo

Ya cherehani mzee. Tone moja moja kwa bomba la sindano kwenye ncha za ekseli.

Spana Kumi

Ya cherehani ni mepesi, ila soma karatasi yako kama wanataka yale yaliyoandikwa kwamba ni salama kwa plastiki. Plastiki nyingine haipatani na mafuta ya madini. Muhimu yasifike kwenye komyuteta wala kwenye zile ringi za raba za magurudumu, yatateleza. Na jamani, kuna mtu aliwahi kuniletea mashine kaweka mafuta ya alizeti. Yalikauka yakawa gundi, nikafungua kwa bisibisi na machozi.

Mtoto wa Cheyo

Wakuu.

Nimefungua kifuniko cha chini cha bogi, siyo gia, kifuniko tu, skrubu mbili. Nimeangalia kwa kioo. Ekseli ya ndani, katikati ya gia na gurudumu, kuna kitu cheusi kimejizungusha. Nikadhani ni grisi iliyochafuka. Nikagusa kwa ncha ya sindano, kikavutika. Nikavuta. Kikaendelea kuvutika.

Nywele. Rasta. Zile nywele bandia namba moja za mama watoto. Uzi mmoja urefu wa karibu sentimita 20, umejisokota kwenye ekseli mara nyingi mpaka umeingia kwenye bonde la meno ya gia, umejikunja fundo. Gia ikifika kwenye fundo, inapanda, inashuka, tik. Meno yote mazima, nimeyahesabu nikiwa nimeshika pumzi.

Asali Mbichi

😂😂😂😂 UZI NDANI YA UZI

Ngoja Waje

Nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Mgebuka wa Ujiji

Nakubali nimeanguka. Ila mkuu kichwa hakitembei, kiko juu hewani, hiyo nywele imepandaje?

Mtoto wa Cheyo

Nimefanya uchunguzi. Stendi nilikuwa nimeiweka kwenye meza yake alipokwenda sokoni. Ndiyo, ileile niliyokatazwa. Rola zinazunguka, zinavuta upepo kidogo, kipande cha rasta kilikuwa juu ya meza, kikashikwa na beringi, beringi ikakipandisha kwenye gurudumu. Ninyi mkiniuliza nitasema hivyo. Yeye nimemwambia sijui.

Mzee wa Loko

Sisi shedini tulikuta pamba ya kufutia, kamba, mara moja shati la mtu. Chombo kinachozunguka kinakula chochote. Safisha ekseli kwa spiriti kwenye kitambaa, tone moja jipya la mafuta, funga, rudisha. Anza upya nusu saa mbele. Kila baada ya dakika 10 gusa mwili wa mota kwa mgongo wa kidole. Vuguvugu sawa. Kidole kikikataa kukaa, zima.

Spana Kumi

Na andika ampea, mwanzo na mwisho. Hapo ndipo utaona raningi kwa macho.

Kaliua Jankisheni

Na kama kuna mwingine anayesoma mwenye kichwa chenye ile mota isiyo na kiini cha chuma, asiige visaketi hivi vya bei rahisi vya kukatakata umeme. Mota hizo zinapata joto navyo. Watumie umeme ulionyooka, betri na kipunguza volti. Cha mleta mada ni mota ya kawaida, hana shida.

Mtoto wa Cheyo

Ripoti ya leo.

Nimeanza saa tatu asubuhi, sakafuni, juu ya ubao uliofutwa kwa kitambaa chenye maji. Mbele: ampea 0.31 mwanzo, dakika ya 30 ni 0.25. Nikageuza nyuma: 0.27, ikashuka. Dakika ya 52 umeme ukakatika mtaa mzima. Nikabaki nimekaa na ubao wangu kama mlinzi. Ukarudi saa nane, nikaanza nyuma upya kuanzia dakika ya kwanza maana mzee atanigombeza. Mwisho 0.22. Mota vuguvugu tu, kama yai lililotagwa sasa hivi.

Sauti sasa ni moja, zzzz, hakuna tik hata moja. Nilizima feni nikasikiliza na sikio karibu kabisa na bogi ya nyuma. Na kweli mzee, kwenye duara kingekuwa kinapita mbele yangu kidogo tu na kuondoka, nisingejua bogi gani.

Mgebuka wa Ujiji

Hongera mkuu. Ila bado hakijavuta behewa.

Mtoto wa Cheyo

Hakijavuta. Kaka atakuja Desemba na mabehewa mawili, njoo Tabora utanunua asali na utashuhudia.

Mzee wa Loko

Mwanangu, nina kichwa changu kimoja, zawadi ya kustaafu, cha mvuke, magurudumu nane ya kusukuma. Kimekaa kabatini miaka mingi, nadhani grisi imekuwa jiwe. Stendi yako ina rola za ekseli nne, ila zako zimepangwa kwa bogi mbili zilizoachana. Cha mvuke ekseli zote zimefuatana, na yale magurudumu madogo ya mbele na nyuma hayasukumi, yatataka kuwekewa kipande cha ubao yapumzike. Rola zako zinahamishika?

Mtoto wa Cheyo

Hazihamishiki mzee, nimetoboa matundu ya kudumu. Lakini mninga upo bado, na beringi nane za 624 bado ninazo humu ndani. Nipimie kutoka ekseli hadi ekseli kwa milimita, na kipenyo cha gurudumu. Zikiachana zaidi ya 26 hizo 624 zimepata mwenyewe. Nyingine nane nitazifuata kwa Spana Kumi.

Mzee wa Loko

Miwani yangu anayo mjukuu. Kesho asubuhi nitapima.

Asali Mbichi

Picha mzee. Usisahau picha.